Hina Kwenye Kucha za Barwako

Jumatatu, 1 Aprili 1957

Daftari hili nimepewa niandike kucha. Si mzaha. Daktari Menezes alipopita mwezi uliopita alinikabidhi daftari la shule na kalamu ya risasi, akasema: "Bi Mwanaarusi, kila mtoto atakayeingia zahanati, mbinye ukucha mpaka uwe mweupe, kisha uachie. Hesabu damu inachukua muda gani kurudi, uandike." Nimekwisha andika watoto thelathini na wanne, kuanzia nyuma. Huku mbele ni kwangu. Nina jambo ambalo siwezi kumwambia mtu, na nikizidi kulimeza litanipasua.

Daftari likipotea, atakayeliokota ajue wa kumlaumu. Mimi ni Mwanaarusi binti Shee, mtu wa Kipini, mjane, miaka arobaini na miwili. Mwaka wa sita huu niko zahanati ndogo hapa Garsen, karibu na kivuko. Nafunga vidonda, nazalisha, na daktari akija kupasua watu, mimi ndiye ninayewalaza kwa dawa ya usingizi. Mgonjwa hulala kwa mkono wangu. Mwaka jana mmoja hakuamka.

Leo mfungo wa kwanza wa Ramadhani. Mvua bado, ila mbu wameshajua inakuja.

Jumatano, 3 Aprili

Barwako ana homa tena. Nimemchoma sindano ya penisilini, akanitukana Kiorma, akaniambia kwa Kiswahili kwamba mimi ni "Bibi Kucha" na kwamba atanishtaki kwa baba yake. Ana miaka sita. Meno mawili ya mbele juu yameng'oka na bado hayajaota, kwa hiyo matusi yenyewe hutoka yana upepo.

Mwiba wa mgunga ulimwingia kwenye muundi akichunga ndama. Ukatolewa, kidonda kikafunga, kumbe ndani usaha unaendelea na kazi yake. Sasa kipande cha mfupa kimekufa. Daktari alikitazama mwezi wa tatu, akasema lazima kitolewe, la sivyo mguu utakwenda, na baada ya mguu ni mtoto mwenyewe. Hakuwa na vyombo vya kukatia mfupa. Alisema atarudi navyo tarehe ishirini Mei.

Mama yake, Darmi, amejenga kibanda nyuma ya zahanati. Mumewe Galma yuko malishoni juu na ng'ombe. Darmi ni mwanamke mrefu, hasemi sana, na akikutazama huna pa kuficha uso. Leo ameniuliza: "Mama, mtoto yangu atalala kwa dawa yako?" Nikasema ndiyo. "Na ataamka?" Nikasema inshallah, nikajitia kutafuta pamba.

Jumatatu, 8 Aprili

Watoto wanne. Kucha zote nzuri. Nimefuturu uji peke yangu.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimekutana na Kadzo kivukoni. Nilikuwa nimebeba kapu la dawa na pa kukimbilia hapakuwapo. Mumewe ni mmoja wa wavuta kamba ya kivuko, yeye huuza maboga palepale gatini. Ana mimba kubwa. Nikamsalimu, akaitikia kwa kichwa tu, akanitazama mpaka nikavuka ng'ambo.

Haya, niandike. Ndilo lililonifanya nifungue daftari huku mbele.

Kitsao, mwanawe Kadzo, alikuwa na miaka minne na ugonjwa wa ngiri. Mwezi wa nane mwaka jana alikuja kumpasua daktari mwingine, ambaye amekwisha rudi kwao. Nilimlaza Kitsao kwa klorofomu, tone baada ya tone juu ya kifuniko cha waya na shashi kinachofunika pua na mdomo. Jilo, mwenzangu wa zahanati, Mpokomo, alishika mkono wa mtoto kusikiliza mapigo. Mimi nina mazoea yangu, nilifundishwa na nesi mmoja zamani, ya kubinya ukucha. Nikaubinya. Ukawa mweupe, ukabaki mweupe. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne. Nikamtazama Jilo. Akasema, "Mapigo yapo, mazuri." Nikafungua mdomo. Daktari akasema bila kuinua kichwa, "Unangoja nini? Tia." Nikatia.

Baadaye daktari alisema moyo wa mtoto ulikuwa mbovu toka kuzaliwa. Kila mtu akakubali. Kadzo akakubali. Niliona, nikanyamaza, nikatia tone jingine. Hilo analijua Mungu na mimi, na sasa daftari hili.

Menezes alipokuja nilimwuliza kwa mbali, kama swali la mtu anayetaka elimu tu: inakuwaje mapigo yawe mazuri na ukucha uwe mweupe? Akaketi juu ya sanduku, akanieleza vizuri, Mungu ambariki. Alisema mwisho wa njia zote za damu kuna vimishipa vidogo, vyembamba kushinda unywele, vya kwenye kucha, midomo, ngozi. Dawa ya usingizi inapoanza huvilegeza, mtoto anapata joto, unadhani mambo ni mazuri. Ikizidi, moyo huchoka kusukuma. Hapo mwili wa mtoto hufanya ujanja: hufunga vile vidogo vya ukingoni ili damu ibaki kwa moyo na kichwa. "Ndiyo maana ukishika mapigo utaambiwa yu mzima," akasema. "Ukucha ndio wa kwanza kusema kweli. Mtu mzima hukupa nafasi ndefu. Mtoto hukuficha, hukuficha, kisha huanguka mara moja."

Nikamwuliza mbona tusitumie etha, ile dawa nyingine ya usingizi, nasikia haina hasira. Akacheka. Etha kwa joto la Garsen hupanda hewani kabla haijafika puani.

Kisha akanipa daftari. Sijui kama alijua kwa nini nauliza.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua imeanza. Akina mama wameanza kuwaficha watoto mikono ndani ya shuka wanaponiona. Nimemwuliza Jilo kuna nini. Jilo hajui kuficha neno, hata likiwa la kumwumiza mtu.

"Wanasema unachagua, dada."

"Nachagua nini?"

"Atakayekufa. Wanasema unambinya, unahesabu, unaandika kitabuni. Sasa, kwa nini mtu aandike?"

"Na wewe umewajibu nini?"

"Nimewaambia kama ni kuchagua, ungenichagua mimi kwanza."

Nimecheka mbele yake. Nilipobaki peke yangu sikucheka. Wasichokijua ni kwamba wamekosea kidogo sana.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua. Bati linavuja juu ya kabati la dawa.

Jumatano, 24 Aprili

Leo nimejiaibisha. Ameletwa mtoto wa miaka miwili kutoka chini mtoni, anakohoa tu. Nikambinya ukucha: nne, tano. Nikapiga kelele, "Jilo! Jilo, njoo, anakwenda!" Jilo akaja mbio na ndoo mkononi, sijui alitaka kuzima moto gani. Akamshika mtoto, akamgeuza, akacheka mpaka akaketi chini. Mtoto alikuwa amekaa ndani ya mtumbwi kwenye mvua tangu alfajiri. Mikono barafu. Tukamfunga blanketi, nikambinya tena baadaye: moja, damu imerudi.

Nimeandika nyuma: *baridi nayo hufunga vimishipa, mpashe mtoto joto kwanza ndipo uamini ukucha.* Ila kweli ni kwamba saa nzima baadaye nilikuwa bado namfunua kumbinya. Ikiwa nimeogopa hivi kwa kikohozi, tarehe ishirini mkono wangu utashika chupa vipi?

Jumanne, 30 Aprili

Kesho huenda ikawa Idi. Barwako amelia tangu asubuhi. Dada zake wako juu na baba yao, nguo yake ni ileile, na mguu unanuka. Amemwambia mama yake kwamba Idi haiji kwa watu walio zahanati.

Sikuweza kuvumilia. Kipini hapakuwa na harusi isiyoniita kupiga hina. Nikatoa unga wangu wa hina niliouweka tangu mwaka jana, nikauchuja kwa kitambaa, nikaukanda kwa ndimu na chai nzito, nikauacha ukaiva. Nikamkalisha kwenye mkeka. Nikamfunika ncha za vidole vyote vya mikono na miguu, mpaka kwenye kucha, na duara katikati ya kiganja. Nikamfunga vitambaa. Muda wote alikaa kimya, yule mtoto asiyekaa kimya. Darmi alisimama mlangoni akatutazama, na nadhani ni mara ya kwanza nimeona meno yake.

Tulipoibandua ilikuwa imekolea nyekundu-nyeusi. Barwako akasema sasa yeye ni bibi harusi na mimi ni mtumwa wake. Nikamwambia ndiyo, bibi, nimepokea.

Sijafurahi hivi tangu mwezi wa nane.

Jumatano, 1 Mei

Idi njema. Jilo, ambaye ni Mkristo, amekula biriani kuliko Waislamu wote.

Jumamosi, 4 Mei

Mto umepanda mpaka kwenye mti wanapofungia mitumbwi. Kivuko kimesimamishwa. Maboga ya Kadzo yamesombwa, nasikia. Yeye amejifungua juzi, mtoto wa kike. Sikwenda kumpa pole wala hongera. Ningesema nini?

Jumanne, 7 Mei

Homa ya Barwako imepanda vibaya. Usaha umefungua mlango mwingine chini ya goti. Hali chakula. Penisilini zimebaki chupa nne. Nahesabu siku mpaka tarehe ishirini na naogopa zisifike, na naogopa zifike. Ndivyo nilivyo. Nikisali nusu ya dua yangu inaipinga nusu nyingine.

Alhamisi, 9 Mei

Yarabi, nisaidie. Naandika haraka.

Daktari Menezes amefika leo adhuhuri kwa boti, siku kumi na moja kabla ya ahadi yake. Barabara ya Malindi imekatika, mto unazidi, kaambiwa akichelewa hatapita tena mpaka Julai. Ana vyombo vya mfupa. Kesho asubuhi anampasua Barwako, keshokutwa anaondoka.

Akaingia kumwona. Akautazama mguu, akasema, "Hata wiki moja hana." Kisha, kwa mazoea, akaushika mkono wa mtoto ili abinye ukucha.

Akaugeuza. Akashika mwingine. Akafunua shuka akatazama miguu.

"Nani amefanya hivi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Wallahi siku tisa nzima nimeziona kucha zile na sikuelewa. Mimi, niliyeandika kucha za watoto zaidi ya sitini. Hina kwenye ukucha haitoki mpaka ukucha wenyewe uote ukatwe. Nyeusi hivyo, hata ukibinya kwa koleo huoni kitu chini yake. Kucha ishirini, na sikuacha hata mmoja, maana Kipini tukisema kazi ni kazi.

"Mimi," nikasema.

Daktari hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alitoka nje akasimama kwenye mvua na kofia mkononi.

Nikachukua ndimu, nikachukua mchanga, nikachukua sabuni ya kufulia. Nikamsugua kidole gumba mpaka akapiga yowe na ngozi ikachubuka. Hina ikanicheka. Darmi akanishika mkono. "Unafanya nini mtoto yangu? Idi umempaka, leo unamtoa?"

Nikakaa chini sakafuni. Nikamwambia. Nikamwambia kila kitu, mbele ya Jilo: vimishipa, ukucha, Kitsao, ile nne niliyoihesabu, lile tone. Jilo akaacha kuchemsha vyombo. Alikuwa ameshika mapigo siku ile na hakujua. Nikamaliza kwa kusema, "Kwa hiyo kesho nitamlaza mwanao nikiwa kipofu, na ukitaka umchukue uende zako, chukua, una haki."

Nilidhani Darmi atanipiga. Nilitaka anipige.

"Mama," akasema, "ndama iko na kucha ya kuangalia?"

"Ndama?"

"Ndama iko na kwato nyeusi. Iko na manyoya. Akilala mgonjwa, mimi najua damu yake iko ama inakwenda. Najua namna gani?" Akamwinamia Barwako, akamwinua mdomo wa juu kwa kidole gumba. Pale yalipong'oka meno mawili palikuwa na ufizi mtupu, wa waridi. Akaubinya. Ukawa mweupe. Akaachia. Ukarudi. "Hapa. Ndama, mbuzi, ngamia ya Wasomali. Ikirudi mbio, unampa maziwa. Ikichelewa, unamwita mwenye kisu."

Nikamwita Daktari kwa kelele. Akaja amelowa. Darmi akarudia, bila haya, kama anamwonyesha mnunuzi. Daktari akatazama, akabinya mwenyewe, akahesabu midomo ikicheza.

"Ni vimishipa vilevile," akasema. "Midomo hutazamwa rangi, hilo tunalijua, lakini rangi huchelewa. Hii ya kubinya…" Kisha akanigeukia. "Utalazimika kuinua kifuniko kila mara. Na wewe huna mazoea ya ufizi. Unao mchana huu tu."

Mchana wote nimebinya fizi. Za Jilo, ambazo zina ugoro. Zangu kwenye kioo. Za watoto watano waliokuja, na mama zao sasa wana hakika kabisa kwamba mimi ni mchawi. Darmi akanipeleka kwa ndama wawili wa jirani, mmoja mzima, mmoja anayeharisha, akanishika kidole akanibinyia. Mzima: moja. Mgonjwa: moja, mbili, tatu. "Umeona?" akasema. "Huyu kesho hayupo."

Daktari anajua sasa kuhusu Kitsao. Jilo alimweleza, mimi sikuweza mara ya pili. Alikuja akasimama karibu nami nikikunja shashi. "Kesho," akasema, "ukiona, sema. Hata kama mimi nasema tia."

Ni rahisi kusema hivyo leo.

Ijumaa, 10 Mei

Nimekaa chini ya dirisha, mkono bado una harufu ya dawa. Nitaandika yote kwa mpangilio maana nikiruka nitalia.

Tulianza saa mbili asubuhi, mwanga ulipokuwa wa kutosha. Mvua ilikuwa inapiga bati hata ikabidi tuzungumze kwa nguvu. Nilimkanda Barwako mikono na miguu kwa maji ya moto, nikamfunga blanketi mpaka kifuani, ili baridi isinidanganye. Darmi akambeba akamlaza mezani, akamwambia neno sikioni, akatoka. Barwako aliniona nimeshika kifuniko. "Bibi Kucha," akasema, "ukinitia usingizi nani atakuwa mtumwa wangu?"

"Mimi, bibi. Nitakuwa hapa hapa."

"Usiende."

"Siendi."

Akapigana kidogo, kama wote, akahesabu ng'ombe wa baba yake kwa majina, akapotea kwenye wa tisa. Nikainua mdomo. Nikabinya ufizi. Moja. Ngozi ikawa na joto, uso ukawaka vizuri, kama alivyosema Daktari. Naye akakata.

Sitaandika kelele ya chombo cha mfupa.

Tone, tone, nainua, nabinya: moja. Tone, nainua, nabinya: moja. Jilo ameshika mkono wenye hina: "Yapo." Usaha ukatoka. Daktari akasema mfupa uliokufa ni mrefu kuliko alivyodhani, umekwenda juu, umeng'ang'ana. Tone. Moja. Tone. Moja na nusu. Nikajiambia ni macho yangu. Tone.

Nikainua. Nikabinya. Nikaachia.

Pakabaki peupe. Alama ya kidole changu imekaa pale kwenye ufizi. Moja. Mbili. Tatu.

"Jilo," nikasema.

"Mapigo yapo, mazuri."

Maneno yaleyale. Kwa sauti ileile. Hakukusudia, maskini, ndivyo anavyosema siku zote. Lakini mara nikawa niko mwezi wa nane, na Kitsao amelala mbele yangu. Daktari, ameinama, damu mpaka kwenye viwiko, akasema, "Anakaza mguu, Bi Mwanaarusi. Tia kidogo, nimekaribia."

Ulimi ukanigandia. Naandika hili ili nisije nikajisifu baadaye: ulimi ulinigandia. Mkono wenye chupa ulianza kwenda wenyewe. Mkono umezoea kutii.

Ndipo nikakiona kile kidole gumba cha Barwako nilichokichubua jana kwa mchanga.

"Simama!" Sikujua kama nina sauti kubwa namna ile. "Simama, Daktari! Damu hairudi!" Nikang'oa kifuniko usoni, nikakitupa. Chupa nayo ikaanguka, ikapasuka sakafuni. Jilo akapiga teke dirisha likafunguka, mvua ikaingia.

Daktari aliacha kila kitu. Tukashusha kichwa cha meza, Jilo akainua ule mguu mzima juu, Daktari akamvuta taya mbele akawa anampulizia pumzi mdomoni. Mimi kidole kwenye ufizi. Nabinya. Tano. Nabinya. Tano. Sasa Jilo akasema kwa sauti ya mtu mwingine kabisa, "Mapigo yanalegea." Kumbe ndiyo kwanza. Ndiyo kwanza yanalegea! Kama tungengoja mapigo tungekuwa tumetia matone mengine sita.

Nabinya. Nne. Nilikuwa nasoma Yasin na kuhesabu kwa pamoja, sijui Mungu alisikia ipi. Nne. Tatu. Tatu. Akavuta pumzi mwenyewe, ndefu. Mbili.

Mbili.

Moja na nusu.

Daktari akafuta macho kwa bega. "Kimebaki kipande cha juu," akasema. "Nikikiacha, tumefanya kazi bure. Dakika tatu. Kuna chupa nyingine sandukuni."

"Silazi tena."

"Ataamka nikiwa ndani ya mfupa."

"Na aamke. Sitii hata tone." Nilikuwa namjibu daktari, mimi, na sikuona ajabu. "Nitamwita mama yake."

Darmi aliingia, akaelewa bila kuelezwa. Akapanda mezani nusu mwili, akaweka kipaji chake juu ya kipaji cha mtoto. Jilo akashika mguu. Daktari akaingiza chombo, na Barwako akapiga ukelele ulioshinda mvua, akaita mama, akaita ng'ombe, akaniita mimi kwa matusi yote ya Kiorma anayoyajua. Kila alipolia ufizi uling'aa mbele yangu wa waridi. Nami nikawa nalia na kucheka, nikimwambia nitukane, mwanangu, nitukane tena.

Kipande kikatoka. Urefu wa kidole changu cha kati.

Jumamosi, 11 Mei

Daktari ameondoka kwa boti. Kabla ya kupanda amesema, "Jana nilisema tia." Nikasema, "Ulisema." Akavaa kofia. Homa imeshuka. Ndama mgonjwa wa jirani amekufa.

Jumanne, 14 Mei

Mvua. Barwako amekunywa maziwa, akatapika, akanywa tena.

Jumamosi, 25 Mei

Jilo hatanii tena. Leo amekaa kizingitini, akasema, "Dada, mkono uliomshika Kitsao ulikuwa wangu. Nami nilisema yapo." Nikamwambia yalikuwapo kweli, Jilo, hukudanganya. Akasema anajua, na kwamba haimsaidii. Tumekaa kidogo pamoja. Mwaka mzima nilidhani yeye ni mtu wa mzaha tu, asiyebeba kitu.

Jumatano, 12 Juni

Maji yamepungua, kivuko kimeanza tena. Kwenye mzizi wa kucha za Barwako hina imeachia ukanda mwembamba, upana wa punje ya mtama. Nimebinya hapo kwa ncha ya kijiti. Moja. Anatembea kwa fimbo, anaogopwa na kuku.

Alasiri nimekwenda kwa Kadzo.

Sikupanga. Nilijikuta mlangoni kwake. Alikuwa ananyonyesha. Nikakataa kuketi. Nikamwambia nilivyoona, nilivyohesabu, nilivyonyamaza na kutia. Nilisema nikitazama miguu yake maana uso wake sikuuweza.

Akasema, "Nilijua."

"Ulijua?"

"Nilikuwa dirishani. Ulianza kulia kabla mwanangu hajafa." Akambadilisha mtoto ziwa. "Nikajua umeona kitu. Nikangoja uje uniambie. Kila siku pale kivukoni nangoja, nawe unapita."

Mainzi, jua, mtoto anameza.

"Huyu wa Waorma," akasema, "nasikia ulipiga kelele mpaka sokoni wakasikia."

"Ndiyo."

"Kwa nini si wangu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Si kwa hilo. Nilisema niliogopa. Akasema, "Na mimi nilikuwa naogopa." Hakunifukuza, wala hakunipa maji. Nimerudi kwa miguu.

Ijumaa, 21 Juni

Galma amekuja kuwachukua mke na mtoto. Barwako amepanda punda, akanionyesha mikono: kucha nyekundu nchani, safi mzizini. "Idi nyingine utanipaka," akasema. Nikamwambia vidole tisa. Kimoja nitakiacha. Darmi akacheka, akanibusu kichwani, kisha wakaenda zao.

Jumapili, 30 Juni

Jua kali, tope limekauka. Leo si siku ya kazi, nilikuwa nafagia tu. Kadzo akasimama mlangoni na mtoto mgongoni. Mtoto anakohoa. Kadzo hakunisalimu. Akamshusha, akautoa ule mkono mdogo ndani ya kanga, akaninyooshea.

Nikaubinya ukucha, usiozidi chembe ya mchele. Ukawa mweupe. Nikaachia, nikahesabu kwa sauti, asikie.

"Moja," nikasema. "Imerudi, Kadzo. Tazama mwenyewe."

Akainama, akatazama. Kisha akasema, "Tena."